Mguu Chini ya Mchanga Mweupe

Kesi ya Antsahamena hakuna anayeijua kuliko mimi. Nilikuwapo mwanzo mpaka mwisho na sikupitwa na neno hata moja. Isipokuwa asubuhi mguu ulipoonekana nilikuwa bado nimelala, na siku ya mwisho nilisimama nyuma ya mtu mnene. Yaliyobaki alinisimulia Afande Haingo mwenyewe, tena akanisihi nisimwambie mtu, ndiyo maana nayaandika badala ya kuyasema.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi, kama saa moja asubuhi. Bibi Razafitsara alikuwa kwenye jaruba lake akichimba. Nasema jaruba kwa kumheshimu mwenyewe, maana mpunga haujaota pale tangu mwaka wa kimbunga. Lote limelala chini ya mchanga ulioshuka kutoka kwenye korongo la mlimani na kutandazika bondeni kama mkia wa kuku aliyechutama. Kila mwaka kabla ya mvua bibi huyu hushuka na sepeto lake kutafuta tope jeusi la zamani, apate japo kitalu cha miche kisichozidi mkeka. Kila mwaka mvua ikija, korongo humwaga mchanga mwingine juu yake. Tulishachoka kumwambia. Jirani yake Baovola alikuwa akimsaidia siku hiyo, si kwa imani, bali kwa ajili ya chai ya ukoko wa wali ambayo bibi hubeba kwenye chupa.

Walichimba ukingoni, pale kijito kilipoukata mchanga na kuacha ukuta. Sepeto la bibi likagonga kitu. Baovola akadhani ni mzizi. Bibi akapiga magoti, akafuta kwa kiganja, ukatokeza mfupa wa mguu, ule wa chini ya goti, ncha zake zote mbili bado zimezama mchangani, umepinda katikati kama mpini uliokaukia juani.

Baovola alipiga yowe likafika mpaka kanisani. Bibi hakupiga. Jaona, mwanawe wa pili, alivunjwa mguu na ng'ombe akiwa kijana, siku walipokuwa wakiwakanyagisha ng'ombe tope la jaruba hilohilo, na mfupa ukaunga vibaya.

"Nyamaza, Baovola," alisema. "Huyu ni wangu."

Afande Haingo alifika saa nne na ushei kwa baiskeli, kwa sababu pikipiki ya kituo ilikuwa na kila kitu isipokuwa mafuta. Ni mwanamke mfupi, mwenye mvi za mbele, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Kwao ni ng'ambo ya ziwa, kwenye kijiji ambacho sasa kimebaki mchanga na jina. Katika kazi yake amekamata watu wengi, wala hakumbuki hata mmoja aliyerudisha kilichopotea. Akikutazama, unaona kabisa kwamba hatarajii kitu kutoka kwako, na watu wengi humwambia ukweli kwa kumwonea huruma.

Bibi alimpokea ukingoni mwa shimo. Hakulia.

"Afande, sikuulizi nani kamuua. Nataka jambo moja tu. Niambie alikufa lini."

"Wengine wote huniuliza nani, bibi. Kwa nini wewe lini?"

Basi bibi akamweleza jambo ambalo kijiji kizima tunalijua na hatulisemi. Msimu wa baridi uliofuata kimbunga, sasa ni mwaka wa saba, ukoo ulifungua kaburi lao ili wazee waliolala humo wageuzwe na kuvishwa sanda mpya za hariri. Ngoma zilikuwa zimeshapigwa, nyama imeshapikwa. Walipoingia ndani, wazee watatu hawakuwapo. Sanda zimeachwa, mifupa imeibwa. Kuna watu huinunua mifupa ya kaburini. Nani, na ya nini, hakuna aliyewahi kuwaona wala anayetaka kuwaona. Jaona alikuwa ametoweka tangu kwenye mvua, watu wakisema amekwenda kusini kuchimba vito. Hapo ndipo Ralambo, mzaliwa wa kwanza wa bibi, aliposimama mbele ya baraza akaapa kwamba alfajiri moja ya msimu ule ule wa baridi alimwona Jaona kwa macho yake akivuka kwenye mikaratusi, gunia begani. Baraza likaamua. Jaona ni mwizi wa mifupa. Asililiwe, asitajwe, na akifa asiingie kaburini kwao.

"Kama alikufa baada ya mifupa kuibwa, basi ndiye, na watamfukia porini kama mbwa," bibi alisema. "Kama alikufa kabla, mwanangu hakuiba. Na kaburi ndilo lile."

Alinyoosha kidevu kuelekea mlimani. Kaburi la ukoo, nyumba ya mawe yenye mlango wa jiwe, lilikuwa limekaa kwenye mdomo wa korongo. Zamani kati ya kaburi na korongo ng'ombe walipigana kwa raha zao. Sasa pembe moja ya msingi ilikuwa ikining'inia hewani.

"Mvua za mwaka huu haliponi," alisema. "Nataka aingie hata kama ni kwa wiki moja. Nasi kwetu mlango hafungui mtu yeyote ila mzaliwa wa kwanza. Ralambo hatafungua kwa ajili ya mwizi. Kwa hiyo niambie lini."

"Bibi, sina mashine ya kupima mifupa. Na mjini hawana."

"Nani kataja mashine? Macho si unayo?"

Haingo alishuka kwenye kijito akautazama ule ukuta wa mchanga. Chini kabisa palikuwa na tope jeusi, lile la mpunga. Juu ya tope, mchanga mwekundu, na mfupa ulikuwa humo kwenye wekundu. Juu ya wekundu palilala tabaka nene jeupe la mchanga na kokoto, lenye vipande vya vigae. Juu yake tena vitabaka vyembambavyembamba, vyekundu na vyeupe vimechanganyika, vikitenganishwa na nyuzi nyeusi za majivu, maana nyasi za mlimani huchomwa kila kiangazi na mvua ya kwanza huyashusha majivu.

"Vigae hivi ni vya wapi?" aliuliza.

"Vya kanisa la zamani," Baovola akawahi kujibu. Kuwahi ndiyo kazi yake. "Si lilikuwa pale juu? Usiku wa kimbunga korongo lililimeza, paa na kengele. Kengele hatujaiona mpaka leo. Padri alisema ni mapenzi ya Mungu, lakini kanisa jipya akalijenga mbali."

"Na kabla ya usiku huo, mchanga mweupe mlikuwa mkiuona?"

"Uutoe wapi? Korongo lilikuwa bado linakula ngozi ya mlima, ile nyekundu. Usiku ule ndio lilipasua matumbo. Asubuhi tukaamka bonde jeupe kama unga, tukadhani tumekufa."

Haingo aliazima mikeka, akaisimamisha kuzunguka shimo, akawafukuza watu wote, hata bibi. Daktari Solofo wa zahanati alipofika saa sita, wakafukua wawili tu, kwa mikono na kwa kijiko. Walianza kwa kukata ukuta taratibu kutoka pembeni, na Haingo akaacha kipande kimoja kikiwa kimesimama juu ya mifupa bila kuguswa.

Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni. Hakukuwa na sanda, hata kitambaa. Lakini Jaona hakuwa ametupwa. Alikuwa amenyooshwa chali, mikono ubavuni, kichwa mashariki na miguu magharibi, kama wazee wanavyolala ndani ya kaburi.

"Wauaji wana adabu siku hizi," daktari alinong'ona.

"Hili la namna alivyolazwa lisitoke hapa," Haingo akamwambia. "Hata mkeo."

"Mke wangu?" Daktari alicheka kidogo. "Nikimwambia yeye, kesho utalisikia redioni."

Wakafunika. Askari kijana, yule pekee wa kituo, akawekwa mlangoni mwa mikeka, na amri ni kwamba asimruhusu mtu kuchungulia.

Saa nane Haingo alikuwa kwa Ralambo. Huyu ni mtu wa heshima, mwenye mwili na sauti, mzee wa ukoo tangu baba yao afe. Ndiye hukandika matope kwenye mlango wa kaburi kila unapofungwa, na ndiye hupewa kitako cha kuku mezani. Siku hiyo alichinja kuku, akakitoa kitako kwenye sahani yake akakiweka kwenye sahani ya Haingo. Heshima kubwa. Haingo akakila, maana alikuwa na njaa, na heshima haimzuii mtu kuuliza maswali.

"Wali mtamu," alisema. "Mpya?"

"Wa majaruba yangu ya kando ya ziwa. Kule mchanga haufiki."

"Hongera. Wenzako wote wamefukiwa."

"Nilipewa na wakwe zangu. Bahati tu, afande."

"Bahati. Sasa niambie habari za mdogo wako."

Ralambo aliweka kijiko chini. "Afande, mimi nilimlilia siku nilipomwona na gunia lile. Leo machozi sina. Walionunua mifupa kwake ndio waliomuua, kakataa kugawana nao. Watu wa namna ile hawaachi shahidi."

"Ulimwona sawasawa?"

"Kwa macho haya. Alichechemea ule mchechemeo wake. Nikamwita, akageuka, akanitazama, akakimbia."

"Ilikuwa msimu wa baridi."

"Umande ulikuwa mweupe. Siku chache kabla hatujafungua kaburi." Akasukuma sahani kando. "Mmemkuta katika hali gani?"

"Ya kufa," Haingo alisema, akaomba chai ya ukoko.

Alipotoka nje, kila aliyekutana naye alimpa jina moja: Tsaramody. Ndiye aliyemwoa Vololona, mjane wa Jaona, ingawa hatukuruhusiwa kumwita mjane. Ndiye mwenye mkokoteni wa ng'ombe wa kusomba mchanga wa bondeni kuwauzia wajenzi. Na kila mtu alikuwa na akili ya kugundua, siku ile ile, kwamba Tsaramody hajawahi kuugusa mchanga wa jaruba la bibi.

Haingo alimkuta anawafungua ng'ombe nira.

"Najua," Tsaramody akasema kabla hajaulizwa. "Nimemuua ili nichukue mke. Tangu asubuhi nimeambiwa na watu kumi. Wengine wameniuliza na nilitumia nini."

"Ulitumia nini?"

"Afande na wewe!"

"Mchanga wa bibi huugusi. Kwa nini?"

"Utaupora mchanga wa kikongwe anayeuchimba kila mwaka kwa machozi? Mimi mwizi wa ng'ombe, si mwizi wa huzuni za watu." Akajishika mdomo. "Nilikuwa mwizi. Zamani."

"Vololona ulimtaka Jaona akiwa bado yupo?"

Tsaramody akawageukia ng'ombe wake. "Nilimtaka. Mbona nikatae? Kijiji kizima kilijua, hata Jaona. Alinipiga mara moja sokoni, na mguu wake ule."

"Mwaka ule wa kimbunga ulikuwa wapi?"

"Msimu wa baridi nilikuwa hapa. Ndiyo ubaya wangu. Lakini mvua zote, na kimbunga chenyewe, nilikuwa kifungoni mjini. Niliingia kabla ya tone la kwanza, nikatoka watu wanavuna. Paa la jela liliondoka na upepo, sisi tukabaki."

"Nani anaweza kuthibitisha?"

"Aliyenifunga."

"Nani alikufunga?"

"Wewe, afande."

Haingo alimtazama vizuri, akamkumbuka, akaona haya kidogo. Kesi ya ng'ombe wanne wa mchungaji. Tangu hapo Tsaramody alikuwa amenenepa.

Basi mambo yakawa hivi: kama Jaona alikufa msimu wa baridi, Tsaramody alikuwa na sababu na nafasi, na kijiji kilikuwa kimeshamhukumu. Kama alikufa kabla ya kimbunga, Tsaramody hana neno la kujibu. Kila kitu kilirudi kwenye swali la kikongwe. Lini.

Vololona alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga. Alipomwona Haingo hakuacha kutwanga.

"Miaka saba hakuna aliyeniuliza kitu," alisema kwa pumzi za mchi. "Walinitoa kwenye nyumba, wakanitoa kwenye ukoo, wakachukua hata kuku. Kuuliza hawakuuliza."

"Nakuuliza mimi. Siku ya mwisho uliyomwona."

"Mvua zilikuwa zimeanza. Kimbunga bado. Alikuwa amekwenda mlimani kutafuta ng'ombe akapita kaburini. Akarudi hana raha. Akaniambia, Volo, matope ya mlango wa kaburi ni mabichi."

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Nami nilimwambia hivyohivyo. Akasema mvua haiachi alama za vidole." Mchi ukasimama. "Kaburi halikuwa limefunguliwa miaka mingi, afande. Yale matope yalitakiwa yawe yamekauka, yameota kuvu. Akasema, naenda kumwuliza mtu. Akavaa kofia yake. Hakurudi."

"Kumwuliza nani?"

"Mimi mwanamke niliyeolewa mara mbili, mara zote mbili na watu wanaoitwa wezi. Nikimtaja mtu, nani ataniamini?" Akainua mchi tena. "Matope ya mlango ule anakandika nani? Nenda kamwulize Baovola, hata hilo analijua."

Haingo hakwenda kumwuliza. Alikaa kwenye mpini wa mkokoteni akautazama mlima. Udongo ulikuwa ukimwagika kutoka kwenye ukuta wa korongo, kidogokidogo, bila upepo wala mvua, kama mtu anayemwaga mchele kwa usahaulifu. Alijua sasa. Na alijua vilevile kwamba hana kitu mkononi. Mchanga ungemwambia lini. Nani, mchanga haukuwa na mdomo. Hakimu wa mjini angemwachia Ralambo kabla ya chakula cha mchana.

Jumamosi saa tatu asubuhi aliwaita wote kwenye jaruba. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya ziwa, jeusi, mapema kuliko desturi. Wazee wa baraza walikuja na kofia zao, Ralambo akiwa mbele. Bibi Razafitsara alikuja na sanda mpya ya hariri mapajani. Namna alivyoipata sijui, ila ng'ombe wake wa mwisho hakuonekana tena. Tsaramody alisimama mbali, na mkewe nyuma yake. Mifupa ilikuwa bado ndani ya mikeka. Kilichoachwa wazi ni kile kipande cha ukuta kilichosimama juu yake.

"Wazee wangu, mimi si mtu wa maneno mengi," Haingo alisema. "Tazameni huu utepe mweupe wenye vigae. Ulishuka lini?"

"Usiku wa kimbunga," wazee wakajibu pamoja, kama kanisani.

"Jaona yuko chini yake, kwenye mwekundu."

Ralambo akakohoa.

"Afande, na heshima zote. Mtu akichimba shimo juu, akapita huo mweupe, akamtia mle chini akafukia, si atakuwa chini ya mweupe vilevile?"

"Swali zuri. Sogea. Sogeeni wote." Akapitisha kidole kwenye ukuta, kutoka upande huu mpaka upande ule. "Ukikata mkate wa karanga uliopangwa kwa tabaka, ukarudishia makombo, utayapanga upya? Aliyechimba angeukata huu utepe. Tungeona mweupe na mwekundu vimevurugika, vigae vimeshuka chini, majivu yamechanganyika. Oneni. Umenyooka juu yake wote, haujakatika popote. Hakuna sepeto lililopita hapa tangu usiku ule. Mchanga huu ulimkuta Jaona ameshalala."

Mzee mmoja wa baraza akavua kofia. Halafu mwingine.

"Kwa hiyo alikufa kwenye mvua, kabla ya kimbunga," Haingo akaendelea. "Bibi, hilo ndilo jibu lako. Na aliyekufa kwenye mvua hawezi kuvuka mikaratusi na gunia msimu wa baridi, wala kuitwa akageuka."

Macho yote yakamwendea Ralambo. Alikuwa ametulia. Mtu mwenye sauti kama ile hatikiswi upesi.

"Basi nilimfananisha," alisema. "Alfajiri, ukungu. Binadamu hukosea. Mama, nisamehe. Nilikosea mtu."

"Mwenye mchechemeo ule ule?"

"Vilema ni wengi."

"Kaka Ralambo, nisikilize nikueleze ninavyoona, nawe unikosoe." Haingo aliongea taratibu, bila hasira, kama mtu anayehesabu vyombo vyake kabla ya kuhama. "Majaruba ya kando ya ziwa hukupewa na wakwe. Nimewauliza jana, wanalima viazi kwenye shamba la kukodi. Uliyanunua mwaka ule wa kimbunga, kwa sababu uliona mapema kuliko wenzako kwamba bonde hili limekwisha. Ulikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, na ufunguo wake ni mikono yako. Ukafungua, ukatoa, ukakandika matope. Mdogo wako akayaona mabichi, akaja kukuuliza wewe, kwa heshima, kama kaka. Ulimpiga kule juu, ukamshusha kwa njia ya korongo, ukamfukia huku kwenye mchanga mwororo. Kimbunga kikakusaidia. Lakini msimu wa baridi ulipofika ukoo ukataka kugeuza wazee, na wewe ukahitaji mwizi. Ukamchagua asiyeweza kurudi kukanusha."

Ralambo alitabasamu kwa masikitiko, kama anavyofanya kwenye mazishi ya watu asiowajua sana.

"Mchanga umekwambia yote hayo? Mchanga una akili! Haya, nani ananunua mifupa? Mlete. Nani aliniona? Mlete. Majaruba nilinunua, ndiyo, niliona haya kusema. Lakini bonde hili sijalikanyaga tangu mchanga wa kwanza uliposhuka. Sijawahi kusimama hapa mpaka leo. Wazee hawa ni mashahidi wangu."

Wazee wakatazama chini. Hapo ndipo kamba ya Haingo ilipoishia, na yeye alijua, na Ralambo alijua, na mimi hata nyuma ya yule mtu mnene nilijua. Kwa mbali radi ikanguruma. Mlimani kipande cha ukuta wa korongo kikaachia, kikateremka kwa kishindo kidogo cha chini, na vumbi lilipotulia pembe ya kaburi ilikuwa imeinama zaidi.

"Afande," bibi akasema. "Niambie alivyolala."

Haingo alimtazama kikongwe yule na sanda yake mapajani. Aliniambia baadaye kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuna neno lililomwuma kulitamka kama lile.

"Kichwa magharibi, bibi. Kifudifudi."

Baovola alijifunika uso kwa shuka. Kichwa magharibi kwetu ni mbwa, na wachawi. Bibi Razafitsara, ambaye hakulia alipouona mguu, wala hakulia miaka saba kwa kuwa alikatazwa, alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Aliibana sanda kifuani.

"Aliyemlaza mwanangu hivyo," alisema, "hata kama nimemzaa mimi, wazee wa kaburini wamgeuzie mgongo. Wamwone anakuja wazime taa. Asiwe na mahali, asiwe na—"

"Mama, usiseme!" Ralambo alipiga hatua mbele, mkono juu, na ile sauti yake nene ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Usiniapize kwa uongo wa huyu! Kichwa kilikuwa mashariki. Chali. Mikono ubavuni, kama baba. Si mbwa, mama, hakulazwa kama mbwa!"

Wingu likaanza kudondosha matone makubwa, mojamoja, kwenye mchanga. Hakuna aliyejongea. Daktari Solofo akamtazama Haingo. Haingo akaitazama mikeka, ambayo tangu Alhamisi hakuna aliyeivuka ila wao wawili.

Bibi hakumtazama mwanawe usoni. Alitazama mikono yake, ile mikono pekee yenye ruhusa ya kumfungulia Jaona mlango, kisha akatazama juu, kwenye kaburi lililokuwa likingoja mvua.

"Umejuaje, mwanangu?" aliuliza kwa upole.

"Nimesikia," Ralambo akasema. "Watu wanasema."

"Watu gani?"

Akageuka kututazama, mmoja mmoja, akitafuta wa kumtaja.